Kiganja Kwenye Kioo cha Nyuma

Harufu ilimfikia Kinda kabla hawajamaliza kupanda mlima. Ilikuwa harufu ya maji moto yanayotoka ardhini, kali kidogo, kama njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi. Zamani ingetosha kuzusha kelele gari zima. Sheria ya marehemu baba yake ilikuwa kwamba wa kwanza kuinusa chemchemi na kupaza sauti ndiye anayechagua kitanda, na Kinda, kitinda mimba mwenye pua kali, alikuwa akishinda karibu kila mwaka. Leo alibana midomo akatazama nje. Kaka yake, aliyekuwa kwenye usukani, akakohoa. Mama akajifanya anatafuta kitu mkobani. Wote walikuwa wameinusa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumkumbusha mwenzake mtu ambaye hayumo garini.

"Samahani jamani," Mhasibu, mgeni wao, akasema kwa adabu zake zote, "kuna mtu amesahau mayai viza humu ndani?"

Mama Mdogo ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. Kaka akafuata, na mwisho hata Mama, aliyekuwa amenuna tangu asubuhi, akacheka huku akifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kaka akamtangazia rafiki yake kwamba ameshinda kitanda cha dirishani bila hata kuujua mchezo.

"Kile cha Mzee," akaongeza, kisha akabadilisha gia.

"Mpeni," Mama akasema. "Kitanda ni cha kulalia."

Mhasibu alikuwa rafiki wa Kaka tangu shuleni, mtu mpole, msafi, mwenye kazi nzuri na asiye na mke, na Mama alikuwa amemwalika safari hii kwa sababu ambayo hata matairi ya gari yaliijua. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amepangwa ubavuni kwa Kinda. Kila gari lilipokata kona alijibana dirishani asije akamgusa, maskini, na shati lake lililopigwa pasi likazidi kukunjamana.

Kwa miaka mingi familia hii ilikuwa ikija huku kwenye chemchemi ya maji moto, wiki moja kila mwaka. Baba yake Kinda alikuwa dereva wa lori, na mgongo wake ulikuwa umechakazwa na kiti. Alikuwa akiingia kwenye lile bwawa dogo la mwisho, lenye maji ambayo wengine hawakuyaweza hata kwa kidole, akatoka humo anatembea kama kijana. Alipofariki walikuja mara moja tu bila yeye, na mara hiyo moja ndiyo iliyoharibu kila kitu. Ndipo mwangalizi wa mabwawa alipomfuata Mama barazani akamwomba amwoe Kinda, na Mama akakataa.

Hakumkataa kwa ubaya. Alimwambia yeye ni kijana mzuri, hana kasoro. Shida ilikuwa mahali penyewe. "Mtu hapumziki kwa wakwe," Mama alisema siku ile, na Kinda alikuwa amesimama nyuma yake akisikia yote. "Nikikuoza binti yangu, hapa patakuwa kwa mkwe. Nitajitosaje bwawani mbele ya mkwe wangu? Na mkigombana je, sisi tutakwenda wapi? Wanaume wapo wengi. Mahali alipopapenda mume wangu ni hapa tu."

Basi wakalinda mahali pao kwa namna ambayo ni wao tu wangeweza kuibuni. Walipofika nyumbani kila mmoja aliona aibu kurudi, kila mmoja akaona aibu kusema kwamba anaona aibu, na miaka mitatu ikakatika bila yeyote kutia mguu kwenye maji yale. Mwaka huu magoti ya Mama ndiyo yaliyovunja kimya. Yalivimba, daktari akamshauri maji moto, naye akajikuta ametamka jina la mlima bila kukusudia.

Kinda hakuwa na magoti ya kusingizia. Alikuwa na kazi yake mjini, ya kupima macho ya watu na kuwatengenezea miwani, na alikuwa ameomba ruhusa kwa sababu moja tu ambayo hakumwambia mtu. Alitaka kumwona yule mwanamume kwa macho yake. Akimkuta amemsahau, alikuwa amejiapia kwamba Jumapili wakirudi nyumbani atampa Mhasibu jibu ambalo Mama alikuwa analisubiri kwa hamu. Mtu hawezi kuishi na kidonda kibichi maisha yote, alijiambia, na Mhasibu hakuwa mtu mbaya.

Gari likapita geti. Kule juu, kwenye ngazi za baraza, mtu alikuwa amesimama, mkono mmoja wa shati umeshushwa mpaka kifundoni na mwingine umekunjwa hadi juu. Moyo wa Kinda ukaruka. Alikuwa ni Kiwiko, yule mwangalizi wa mabwawa. Jina hilo alipewa na baba yake Kinda, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kupima maji ya mabwawa kwa kiwiko cha mkono wa kulia, kama mama anayepima maji ya kumwogeshea mtoto. Nyumba za wageni na mabwawa aliyarithi kwa wazazi wake, lakini jina alilopewa na Mzee ndilo lililomkaa, na wageni wote walimwita hivyo.

Kinda akainua mkono kidogo, kwa woga, kama mwanafunzi ambaye hana hakika na jibu. Kiwiko alimtazama moja kwa moja. Akakunja uso, akabana macho, na hakuitikia kitu. Mkono wa Kinda ukarudi mapajani wenyewe.

Gari liliposimama chini ya ngazi ndipo uso ule ulipofunguka. Ulifunguka ghafla, furaha ikamwagika, kisha mwenyewe akaiwahi na kuirudisha ndani. Alimsaidia Mama kushuka, akamwamkia, akampa pole ya magoti. Akamwamkia Mama Mdogo, akashikana mikono na Kaka muda mrefu kuliko kawaida. Mhasibu alimpa mkono mfupi. Kwa Kinda alisema neno moja tu.

"Karibu."

"Ahsante," Kinda akajibu, na wote wawili wakageukia mizigo kama watu wanaolipwa kwa kubeba.

Kutoka barazani mabwawa yalionekana kule chini, yakifuka mvuke. Mama alisimama hapo kuyatazama akiwa bado hajavua viatu, na hapo hapo sura yake ikabadilika. Bwawa la mwisho, lile dogo, lilikuwa halionekani. Lilikuwa limezungushiwa ukuta wa mawe mrefu kupita kichwa cha mtu, na mlango wa mbao.

"Wamelifungia bwawa la mume wangu," alimwambia Mama Mdogo kwa sauti ya chini. "Bila shaka sasa ni la wenye nazo."

Mama Mdogo alimwambia aulize kwanza. Mama akasema atauliza kesho, leo koo lake halina nguvu ya kugombana. Alikunywa chai, na alipomaliza akakumbuka kazi iliyomleta akampisha Mhasibu kiti kilicho karibu na Kinda. Mama Mdogo akainuka naye, akidai wanakwenda kutandika vitanda vilivyokuwa vimekwisha kutandikwa.

Wawili hao walibaki wakitazama kikapu cha mkate. Hatimaye Mhasibu akasafisha koo.

"Dada, mimi nahesabu kwa kazi, kwa hiyo unisamehe. Tangu tufike umemtazama yule bwana mara nyingi kuliko ulivyonitazama mimi tangu tujuane."

Kinda alitaka kukana, akashindwa, akacheka kwa aibu. "Na yeye amenitazama?"

"Siwezi kujua. Ananitazama mimi kama anayetaka kunitosa bwawani. Lakini akiwa mbali kidogo anaitazama hivyo hata miti." Akajimegea mkate, akiwa ametulia kwa mara ya kwanza siku ile. "Kamuulize. Mimi mama yako nitamweleza mwenyewe kwamba nilikuja kwa ajili ya mayai."

Asubuhi jua lilipochomoza Kinda alishuka mabwawani. Alimkuta Kiwiko amechuchumaa kwenye mfereji, hapo maji moto ya chemchemi yanapokutana na maji baridi ya kijito. Kila upande kulikuwa na kibao cha kuzuia maji. Alikuwa akiinua hiki, akishusha kile, kisha anatumbukiza kiwiko, anasikiliza kwa ngozi, anarudia. Kinda alikuwa ameyatazama mambo hayo tangu usichana wake, na hata leo hakuchoka.

"Umeamka mapema," Kiwiko akasema bila kugeuka.

"Umejuaje ni mimi?"

"Hatua zako."

Maneno hayo mawili yalimfanya Kinda asahau hotuba nzima aliyoiandaa kitandani. Akakaa kwenye ukingo wa bwawa, viatu mkononi.

"Yule bwana ni mchumba wako?"

"Ni rafiki wa Kaka."

"Sikuuliza hivyo."

"Mama angependa awe," Kinda akasema. "Mimi nimekuja kukuuliza wewe kwanza."

Kiwiko akashusha kibao, maji yakanyamaza. Alijifuta mkono kwenye suruali polepole, na alipoanza kusema hakuwa na hasira, ila uchungu aliokaa nao muda mrefu mpaka wakazoeana.

"Kuniuliza nini? Mama yako alinijibu. Alinipa sababu zake, na mtu akikupa sababu, unajua pa kuanzia kazi. Lakini wewe ulisimama nyuma yake ukatazama viatu vyako. Hukusema ndiyo, hukusema hapana. Nimejiuliza miaka yote hii. Kimya, mtu anakishika wapi?"

"Nilikujibu."

"Lini?"

"Tulipokuwa tunaondoka. Niliweka kiganja kwenye kioo cha nyuma, na sikukitoa mpaka tukatokomea. Wewe ulisimama pale ngazini, mikono chini. Kila mwaka ulikuwa unatuinulia mkono. Mwaka ule hukuinua." Kinda akaviweka viatu chini. "Basi nikajua umekubaliana na Mama, na mimi si mtu wa kumng'ang'ania asiyenitaka. Simu nilikuwa nayo. Kiburi pia nilikuwa nacho."

"Kiganja gani?" Kiwiko akauliza.

Kinda alidhani anamtania, na damu ikaanza kumchemka. Kila mtoto wa familia ile aliujua mtindo huo. Siku ya kuondoka, gari likifika getini, walikuwa wanabandika viganja kwenye kioo cha nyuma, maana yake tutarudi. Na Kiwiko, tangu akiwa kijana mwembamba hajaota ndevu, alikuwa anawainulia ule mkono wake uliokunjwa shati. Kabla ya mwaka ule hakuwahi kukosa hata siku moja. Angewezaje sasa kuuliza kiganja gani?

Ndipo alipoona kitu nyuma ya bega la Kiwiko. Kule barazani Mama Mdogo, ndani ya gauni lake la njano, alikuwa ameshika taulo na kulipunga kwa nguvu zake zote, huku mkono mwingine ukionyesha upande wa ngazi.

"Usigeuke ghafla," Kinda akasema. "Mama Mdogo anatupungia."

Kiwiko akageuka ghafla. "Yuko wapi?"

"Pale, barazani. Ana taulo."

Akatazama baraza. Akakunja uso, akabana macho, sura ile ile ya jana, na ile ile aliyoitazamia miti na Mhasibu. "Naona kitu cha njano," akasema. "Nilidhani wametundika pazia."

Kinda akasimama. Kila siku ya kazi watu walikaa mbele yake wakabana macho namna hiyo hiyo, naye akawavalisha lenzi bila hata kufikiri. Kwa mkunjo ule wa uso angeweza kumfuata mpita njia barabarani akamshauri aje kupimwa. Ila kwa mtu huyu mmoja aliyempenda, ufundi wote ulikuwa umemruka, akaona amenuniwa tu.

"Geti unaliona?"

"Najua liko wapi."

"Na mimi sikuuliza hivyo," Kinda akasema, na Kiwiko akatabasamu kidogo kwa kurudishiwa maneno yake. "Miaka yote ile, gari letu likifika pale, ulikuwa unaona nini?"

"Gari. Rangi ya gari, basi."

"Sasa mkono ulikuwa unamwinulia nani?"

"Mzee alikuwa akifika getini anapiga honi mara mbili," Kiwiko akasema, kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua. "Nikisikia honi, nainua mkono. Mwaka ule alikuwa anaendesha kaka yako. Nilisimama nikasubiri honi. Haikulia."

Haikulia kwa sababu Kaka alikuwa amekasirika na kila mtu garini, akapita geti kama anakimbiza mgonjwa. Kinda aliikumbuka vizuri shingo ya kaka yake siku ile. Akakaa tena pale ukingoni, na hakujua kama analia au anacheka, maana vyote vilikuja kwa pamoja. Yeye, fundi miwani, alikuwa amemhukumu mwanamume kwa kitu ambacho macho yake yasingeweza kukifikia.

Kiwiko akaja akachuchumaa mbele yake, karibu kiasi cha kuona.

"Kilikuwa kinasema nini, hicho kiganja?"

"Kilisema unisubiri."

Akaitazama mikono ya Kinda, kisha uso wake, na safari hii hakubana macho.

"Basi nilikutii bila kujua," akasema.

Wangeweza kukaa hapo mpaka jua likawa la mchana, lakini taulo la Mama Mdogo lilikuwa na maana yake. Mama alikuwa amekwisha kuziteremka ngazi. Alikuja akichechemea, taulo begani, midomo imekazwa, akapita katikati yao kama hakuwaona, akasimama mbele ya mlango wa mbao.

Kiwiko akainuka haraka. "Shikamoo Mama."

"Marahaba. Nani amelijengea ukuta bwawa la mume wangu?"

"Mimi, Mama."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako. Ulisema huwezi kuoga mbele ya mkwe. Nikaona hilo ni jambo la mawe na saruji, linawezekana." Alisema bila kujigamba, akiutazama ukuta, si Mama. "Komeo liko upande wa ndani. Maji nayachanganya kutokea huku nje, kibao nimekileta upande huu, kwa hiyo mimi sina haja ya kuingia kabisa. Hakuna mgeni aliyewahi kupewa hilo bwawa. Nilikuwa nalisafisha tu, nikisubiri."

Mama alisogea karibu. Aligusa mlango kwa vidole, akachungulia ndani, akalitazama lile komeo la chuma lililopakwa mafuta lisishike kutu. Halafu akaingia na kulisukuma komeo, nao wakalisikia likijibana.

Wakasimama nje kama watuhumiwa. Walisikia nguo zikiwekwa juu ya jiwe, kisha maji yakitikisika. Kisha walisikia Mama akivuta pumzi kwa nguvu.

"Maji haya," sauti ikasema juu ya ukuta. "Nani ameyapima hivi?"

"Ndivyo alivyoyapenda Mzee," Kiwiko akajibu.

Mama alikuwa analia, taratibu, kwa namna ya mtu ambaye hatimaye amepata chumba cha kulilia. Kinda alijua kwamba siku ile barazani angepaswa kufungua mdomo, na kwamba leo hakuna kioo, hakuna honi, hakuna mtu mwingine wa kumsemea. Akasogea mpaka uso wake ukakaribia mbao za mlango.

"Mama."

"Nini tena? Hata magotini hayajanifika."

"Nampenda huyu. Nilimpenda siku ile, na nampenda leo."

Maji yakatulia.

"Mbona siku ile hukusema?"

"Nilikuona unavyolishikilia hili eneo, Mama. Ulikuwa umempoteza Baba. Nikaogopa usije ukapapoteza na hapa kwa sababu yangu."

"Tukapapoteza vile vile," Mama akasema. "Miaka mitatu naoga kwenye beseni." Akapenga kamasi. "Mimi nilidhani ulitazama viatu kwa sababu humtaki sana. Nikasema afadhali, nimemwokoa mtoto. Kumbe nimejiokolea beseni."

Kinda akaegemeza paji la uso kwenye mlango na kucheka bila sauti. Kiwiko alikuwa amesimama wima nyuma yake, mkono uliokunjwa shati ukidondosha maji, hathubutu hata kujisogeza.

"Kiwiko, bado upo hapo?"

"Nipo, Mama."

"Mkigombana, nani ataondoka hapa?"

"Mimi."

"Nyumba si zako?"

"Ni zangu. Lakini wiki yenu ikifika nitakwenda kulala hata kwa jirani, mpaka mmalize kupumzika."

Mama alilifikiria jambo hilo kwa makini, kama mtu anayekagua kitambaa kabla ya kukata. Wakasikia maji yakimwagika polepole, bila shaka juu ya goti moja, kisha jingine.

"Haya basi," akasema. "Ongeza maji baridi kidogo. Mume wangu alikuwa na ngozi ya kiatu."

Kiwiko alikimbilia kibao kana kwamba kuna moto. Akakiinua, akatumbukiza kiwiko mferejini kwa mazoea, akasikiliza. Macho yake yalikuwa mekundu, na Kinda alijua kwamba mvuke hauhusiki.

"Hapo hapo," Mama akasema kutoka ndani. "Usiguse tena."

Siku zilizobaki zilikwenda mbio, kama zinavyokwenda siku za namna hiyo. Mhasibu alimweleza Mama mambo yake kwa ufasaha hata akaombwa radhi, akaendelea kulala kwenye kitanda cha Mzee bila kinyongo, na akataka kujua kama mwaka ujao wageni wa bahati mbaya wanaruhusiwa kurudi. Kaka aliposimuliwa habari ya honi aliondoka mezani, na alirudi baadaye akamkumbatia Kiwiko bila maelezo.

Jumapili asubuhi Kinda alileta kisanduku chake cha lenzi, alichokibeba ili kumpimia Mama Mdogo, ambaye miwani yake haikomi kuteleza. Alimketisha Kiwiko barazani, akamvalisha fremu ya kupimia, dude la duara, zito, ambalo halijawahi kumpendeza binadamu yeyote. Akawa anachomeka lenzi na kuchomoa, akiuliza ipi afadhali, na Mama Mdogo akitoa maoni ambayo hakuna aliyemuomba. Lenzi zilipotimia, Kiwiko akainua uso. Alitazama mlima. Akatazama geti, na kutu iliyo kwenye bawaba zake, akaona aibu kwamba wageni walikuwa wakiiona siku zote. Mwisho akamtazama Kinda.

"Una kovu dogo kwenye nyusi," akasema.

"Hukuwahi kuliona?"

"Hilo nililiona zamani. Ulikuwa karibu."

Kinda alimwachia fremu ile. Miwani yenyewe angeitengeneza kwa mkono wake na kuileta kabla ya mwezi kwisha, na Mama alikuwa tayari amesema kwamba hataileta peke yake, Mama Mdogo atamsindikiza, watu wasije wakapata la kusema. Mama Mdogo alijibu kwamba atajitolea, kwa kuwa yeye ni mtu wa kujitolea, na kwamba mkwe amjengee naye ukuta wake.

Wakaagana. Gari likateremka taratibu kuelekea getini. Kaka alikuwa anaendesha, na walipokaribia akapeleka kiganja katikati ya usukani, pale baba yake alipokuwa akikiweka.

"Usipige," Kinda akasema.

Kaka akautazama uso wake kwenye kioo kidogo cha mbele, akaelewa, akaurudisha mkono pembeni. Kinda akajigeuza kitini, akabandika kiganja kwenye kioo cha nyuma. Mama, aliyekuwa ubavuni kwake safari hii, akajigeuza naye kwa taabu ya magoti, akabandika chake karibu na cha binti yake. Kule juu ngazini mtu alikuwa amesimama na lile dude usoni, jua linang'aa kwenye lenzi zote mbili. Hakuna honi iliyolia.

Mkono uliokunjwa shati ukainuka.

"Ameona?" Mhasibu akauliza, akinyoosha shingo.

"Ameona," Mama akasema, kabla Kinda hajajibu.